Mrithi wa Ufalme Aliyefichwa: Tumfiche Msomaji, au Tuufiche Mji?

Msomaji mmoja anayeandika riwaya yake ya kwanza ya fantasia ya kuchekesha ameniletea swali ambalo nitalijibu kwa kirefu, kwa kuwa linawagusa wengi wanaojaribu aina hii ya uandishi. Shujaa wake ni kijana mkaanga samaki katika mji wa kubuni wa bandarini. Amelelewa na mzee mwenye ngalawa ya kuvushia watu, ana alama ya kuzaliwa begani, na ana pete ambayo hakuna ajuaye ilikotoka. Katika sura ya mwisho, mbele ya baraza la wazee, inabainika kwamba yeye ndiye mrithi wa kiti cha enzi kilichokaa wazi kwa miaka mingi. Watu aliowapa mswada wausome walimwambia kwamba jambo hilo walishalijua tangu sura ya pili. Sasa anauliza: je, azifiche dalili kwa ustadi zaidi, au aachane kabisa na habari ya mrithi aliyefichwa kwa kuwa imeshachakaa?

Jibu langu ni kwamba asifanye hili wala lile. Dalili zibaki zilivyo, na ikiwezekana ziongezwe. Kinachostahili kuondolewa ni ile sura ya mwisho. Nitaeleza sababu, na katika kueleza nitamtegemea zaidi Terry Pratchett wa Uingereza, ambaye alilichezea jambo hili katika riwaya zake za Discworld, ulimwengu wa kubuni uliojaa uchawi, kwa muda mrefu na kwa makusudi kuliko mwandishi mwingine yeyote wa fantasia ya kuchekesha ninayemfahamu.

Tuanze na hao wasomaji wako. Hawakuibaini siri kwa sababu uliandika vibaya. Mtoto aliyeokotwa, kitu alichoachiwa na alama mwilini ni mambo ambayo yakikutana kwa mhusika mmoja huwa yameshasema kila kitu. Watoto wa wafalme wamekuwa wakilelewa na wachungaji tangu masimulizi ya Wayunani wa kale, wakapita katika hekaya za mfalme Arthur, na Alfu Lela Ulela nayo haikuwasahau. Ukiifuta alama ya begani, msomaji ataikamata pete. Ukiiondoa na pete, atajiuliza mbona mkaanga samaki huyu ndiye pekee katika kitabu kizima asiye na wazazi. Unaweza kumchelewesha kwa sura moja au mbili, lakini hutamshangaza, na juhudi utakayoitumia kumchelewesha itazila nafasi ambazo ungezitumia kumchekesha.

Walimu wa fasihi hututofautishia taharuki na kinaya. Taharuki humtaka msomaji asijue kitakachotokea. Kinaya humtaka ajue, na wahusika ndio wabaki gizani. Fantasia ya vita na safari ndefu inaweza kuishi kwa taharuki, lakini ucheshi hustawi zaidi kwa kinaya, na jambo hili wala halihitaji kuazimwa ugenini. Katika utenzi wa Fumo Liyongo aliouandika Muhammad Kijumwa mwaka 1913, Liyongo akiwa kifungoni anamtuma kijakazi Saada kwa mama yake, ili aandaliwe mkate wa wishwa wenye tupa katikati. Walinzi, ambao kazi yao ilikuwa kumnyang'anya kila chakula kizuri alicholetewa, wanauona wishwa, wanaudharau, na wanamwachia mwenyewe. Msikilizaji anajua kilichomo ndani ya mkate, ilhali mlinzi anachokijua ni wishwa tu. Liyongo si mrithi aliyefichwa hata kidogo, kwa maana hatari yake yote inatokana na kujulikana mno. Ninachokitaka kwake ni ule mkate. Pete ya kijana wako inapaswa kufanya kazi kama tupa ile: msomaji aione tangu mwanzo, na mji mzima uipite kila siku bila kuitazama mara mbili.

Hivyo ndivyo Pratchett alivyofanya katika Guards! Guards!, riwaya iliyotoka mwaka 1989. Kisa kinatokea Ankh-Morpork, mji mkubwa na mchafu wenye vyama halali vya wezi na wauaji, ambao umekaa karne kadhaa bila mfalme na sasa uko mikononi mwa mtawala mwerevu na baridi aitwaye Vetinari. Katika mji huo anaingia kijana anayeitwa Carrot, aliyelelewa migodini na vibete, naye mwenyewe ana kimo cha karibu mita 2. Kugonga kichwa kwenye dari kila siku hakukumfanya ashuku lolote, mpaka baba yake mlezi alipomweleza kwa haya kwamba yeye ni binadamu, na kwamba aliokotwa msituni akiwa mdogo, karibu na magari yaliyochomwa na majambazi. Ana upanga wa zamani. Ana alama ya kuzaliwa yenye umbo la taji. Akitoa amri, watu hujikuta wametii kabla ya kufikiri. Hakuna dalili ya kimapokeo iliyosahaulika, na msomaji aliyewahi kusoma hata hekaya moja anayamaliza mahesabu yake katika kurasa za mwanzo, kama walivyofanya wasomaji wako.

Utazame ule upanga kwa karibu, kwa maana ndani yake kuna somo zima la ufundi. Panga za warithi kwa kawaida zina majina, hung'aa adui anapokaribia, na humjaza mwenye kuzishika nguvu za mababu. Mwandishi huyu anasisitiza kwamba upanga wa Carrot hauna uchawi wowote: ni chuma kirefu chenye makali, na anayeupunga hapati nguvu za ajabu, hupata malengelenge. Katika ulimwengu uliojaa uchawi kila kona, ukavu huo wa upanga ndio unaomzindua msomaji, kwani upanga uliotumika kweli na mfalme wa kweli haungekuwa na sababu ya kujipamba. Mwandishi ameitoa dalili kwa kuikanusha, na msomaji anacheka kwa sababu mbili kwa wakati mmoja: utani juu ya panga za hekaya, na furaha ya kuona alichokiona peke yake. Hicho ndicho ninachokiita kuongeza dalili bila kupiga mbiu.

Kisha mji huohuo unaanza kumtafuta mfalme mahali pengine. Katibu wa Vetinari, Lupine Wonse, anakusanya watu wadogo wenye vinyongo vidogo katika chama cha siri, kitabu cha uchawi kinaibwa, na joka linaitwa ili kijana waliyemwandaa, mwenye upanga wa kung'aa na sura ya kupendeza, alishinde mbele ya watu na kutawazwa. Mpango unafaulu hadi siku yenyewe ya kutawazwa, ambapo joka linarudi kwa hiari yake, linamteketeza mfalme mtarajiwa na kukikalia kiti lenyewe. Wakubwa wa mji wanalizoea joka upesi sana, wakijadiliana namna ya kuishi nalo kama wanavyojadiliana kuhusu kodi mpya. Muda wote huo mrithi halisi anazunguka mitaani na kitabu cha sheria mkononi, akiwa askari wa zamu ya usiku aliyeichagua kazi hiyo mwenyewe, na amekwisha kumkamata mkuu wa Chama cha Wezi kwa kosa la wizi. Mambo yanapotulia na Vetinari kuwauliza askari wanataka zawadi gani kwa kuuokoa mji, wanaomba nyongeza ya mshahara ya dola 5 kwa mwezi, birika jipya, na ubao wa kurushia vishale. Tukio la utambuzi, lile ambalo kitabu kizima kimeliandalia meza, halitokei.

Ukisoma haraka utadhani kicheko hapo ni cha Carrot na unyofu wake. Mimi naona kinaelekezwa kwa mji, na hasa kwa ile hamu ya watu wazima kupata mtu mmoja atakayekuja kuwanyooshea mambo ili wao wapumzike. Wangeliangalia vizuri wangemwona, lakini walikuwa wakitazama upanga unaong'aa. Kejeli ya namna hii haiwezekani iwapo msomaji naye amefichwa, kwa maana atakuwa amedanganyika pamoja na mji, na mtu aliyedanganyika hana mahali pa kusimama amcheke mwenzake.

Pratchett angeweza kuliishia hapo. Katika Men at Arms, ya mwaka 1993, alilirudia na kulizamisha zaidi. Kabaila aliyefukarika, Edward d'Eath, anagundua kwamba damu ya wafalme imo katika mwili wa koplo wa doria, ambaye ni Carrot, na anaanza kuua watu ili mfalme arudi. Ushahidi baadaye unamfikia Cruces, mkuu wa Chama cha Wauaji. Hakuna hata mmoja wao anayemtaka Carrot mwenyewe; wanachokitaka ni mfalme, kitu cha kuwekwa mahali palipo wazi. Mwishoni Carrot anamchoma Cruces kwa upanga ule usio na uchawi, na upanga unapenya hadi ndani ya nguzo ya jiwe. Arthur alitambulika kwa kuuchomoa upanga jiweni, naye huyu anauchomeka. Kisha anakwenda kwa Vetinari, ambaye amekaa kwenye kiti cha kawaida chini ya ngazi za kiti cha enzi, na anaonyeshwa kwamba kile kiti cha dhahabu ni ganda jembamba tu la dhahabu juu ya mbao zilizokwisha kuoza. Carrot hakiombi. Anawasilisha mapendekezo ya kukipanua kikosi cha doria na kumpandisha cheo mkubwa wake, Vimes, na anaeleza kwamba watu wanapaswa kumtii askari kwa sababu ni askari, wasimtii kwa sababu tu ni Carrot anayesema.

Hapo ndipo mrithi aliyefichwa anapogeuka kuwa mrithi anayejificha, na mabadiliko hayo ndiyo yanayoufanya utani wa miaka minne usichoshe. Katika kitabu cha kwanza anayejua ni msomaji. Katika cha pili kuna kila dalili kwamba Carrot naye anajua, kwamba Vetinari anajua kuwa anajua, na wote wawili wanazungumza juu ya mishahara na vyeo kana kwamba hakuna kingine mezani. Kama ningelazimika kumpa mwandishi chipukizi mazungumzo mamoja tu ya kujifunzia uandishi wa jambo lisilotamkwa, ningempa hayo.

Nina neno la kumlaumu pia. Vitabu hivi vinaidhihaki damu ya kifalme, lakini Carrot anatiiwa kwa mvuto aliozaliwa nao, ambao hakuufanyia kazi, na ni vigumu kuutenganisha mvuto huo na damu inayodhihakiwa. Pratchett mwenyewe ni kama aliliona hilo, kwani katika Feet of Clay ya mwaka 1996 alilijia jambo kwa upande wa pili. Humo, vampiri anayesimamia kumbukumbu za nasaba za mji anatengeneza mrithi: Nobby Nobbs, askari mdogo kuliko wote kwa heshima na kwa usafi, ambaye hutembea na hati ya kuthibitisha kwamba ni binadamu, anaambiwa kwamba ni wa ukoo wa makabaila wa Ankh. Wakuu wa vyama wako tayari kumtawaza, kwa kuwa mfalme dhaifu angewafaa sana. Nobby anakataa, na sababu yake ni moja ya zile ninazozipenda: bosi wake, Vimes, angekasirika mno.

Nasaba ya kutengenezwa ilishafanyiwa kazi na historia kabla ya riwaya. Mwaka 1487 mtoto wa miaka kama 10 hivi, Lambert Simnel, alivishwa taji mjini Dublin kama mrithi wa kiti cha Uingereza, kwa madai kwamba ndiye Edward wa Warwick, na hali Edward mwenyewe alikuwa hai, mfungwa katika mnara wa London. Baada ya waliomtumia kushindwa vitani, mfalme Henry VII alimpeleka akafanye kazi jikoni. Urusi ilikwenda mbali zaidi. Dmitry, mwana wa mfalme Ivan wa Kutisha, alifariki akiwa mtoto mwaka 1591. Mwaka 1605 mtu mmoja akaingia Moscow akidai kuwa ndiye, na mama wa marehemu akamtambua hadharani kuwa mwanawe. Mwaka uliofuata akauawa. Haukupita muda akajitokeza mwingine, akidai kuwa ndiye yuleyule na kwamba alinusurika, na Marina Mniszech, mjane wa yule wa kwanza, akakubali kumtambua kuwa mumewe. Mama alikuwa na faida yake na mjane alikuwa na faida yake. Kila ninapokutana na tukio la utambuzi katika mswada, ninamkumbuka Marina, na ninamuuliza mwandishi: huyu anayetambua, anapata nini au anapoteza nini?

Swali hilo ndilo ninalokuuliza wewe kuhusu baraza lako la wazee. Katika muhtasari wako wanaiona pete, wanashangaa, wanapiga magoti. Wazee wa mji wa bandari ambao wamekusanya ushuru kwa miaka mingi bila mfalme wa kuwauliza hawana sababu hata moja ya kupiga magoti. Wangeiona pete na kukubaliana, bila hata kuitisha kura, kwamba hawakuiona. Hapo ungekuwa na ucheshi, na usingekuwa umebadilisha dalili yoyote.

Yule mzee wa ngalawa nawe umemfanya asijue kitu, jambo ambalo ni hasara. Mfanye ajue kila kitu tangu siku ya kwanza, na umpe sababu ya kawaida kabisa ya kunyamaza, kwa mfano kwamba hana mwingine wa kumsaidia kuisukuma ngalawa maji yakipwa. Sababu ndogo iliyowekwa mbele ya siri kubwa itakuchekeshea watu kitabu kizima, na zaidi ya hayo itamfanya mzee apendwe, kwa kuwa msomaji ataanza kushuku kwamba ngalawa ni kisingizio.

Kuhusu pete, iondoe shingoni mwake. Kila mrithi hubeba pete yake kwenye kamba shingoni, na mwizi yeyote angeshaichukua. Tuseme upawa wake wa kukaangia ulipasuka mpini, naye akaivalisha pete pale palipopasuka ili mpini usifunguke. Inapata masizi, inapakwa mafuta, na kila asubuhi wanunuzi wanaiona ikipita juu ya karai lenye samaki wanaochemka. Siku afisa wa forodha atakapokuja kununua samaki na kuona muhuri wa kifalme ukigeuza changu, utakuwa na tukio la kuandika, na hutahitaji baraza.

Lakini chunga lile kosa nililomlaumu nalo Pratchett. Iwapo kijana wako atakuwa na busara, haki na ushujaa kwa sababu tu ya damu, utakuwa umeandika hekaya ya kale na kuipamba kwa vichekesho. Alichonacho kitokane na karai. Mkaanga samaki anajua nani anadaiwa na nani, nani anagombana na jirani, nani hununua samaki wawili kwa ajili ya nyumba mbili. Anajua kupanga foleni ya watu wenye njaa wasipigane. Ujuzi huo ndio wa kuuokoa mji. Katika Wyrd Sisters ya mwaka 1988, Pratchett mwenyewe alikwepa mtego huu vizuri: wachawi watatu wanausogeza ufalme mzima miaka 15 mbele ili mrithi aliyelelewa na waigizaji apate kukua, naye akishakua analitaka jukwaa na kukikataa kiti. Anavishwa taji mchekeshaji wa ikulu, kwa kuwa watu wanaona wamefanana na kudhani kwamba mfalme marehemu alikuwa na mtoto wa nje. Ukweli ni kwamba wamefanana kwa sababu malkia na baba wa mchekeshaji walifahamiana zaidi ya inavyostahili, kwa hiyo hakuna hata mmoja kati yao mwenye damu ya mfalme. Wachawi wanalijua hilo, wanalinyamazia, na ufalme unaendelea vizuri.

Inawezekana bado unataka kijana atawazwe, na sitakukatalia, kwa kuwa wapo wasomaji watakaoudhika akikosa. Basi mtawaze katikati ya kitabu. Hivyo ndivyo walivyofanya Gilbert na Sullivan katika The Gondoliers, opera ya kuchekesha iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza London mwaka 1889. Wapiga makasia wawili wa Venice, wasiotaka kusikia habari za wafalme, wanaambiwa kwamba mmoja wao ni mfalme na haijulikani ni yupi, hivyo sehemu nzima ya pili tunawaona wakitawala kwa pamoja, wakiwafanyia watumishi wao kazi za nyumbani kwa kuwa watu wote ni sawa, hadi yaya wa zamani anapofika na kueleza kwamba mfalme si huyu wala yule, ni mpiga ngoma aliyekuwa akipita jukwaani tangu mwanzo. Kutawazwa kwao hakukumaliza kisa, kulikianzisha. Ukiifuata njia hii, sura yako ya mwisho itakuwa ya kumi au ya kumi na moja, na baada yake utapaswa kuandika zile ambazo mswada haunazo: mfalme anayetaka kujua bei ya mafuta, wazee wa ushuru wanaojifunza kumwamkia, na mzee wa ngalawa anayekuja ikulu kuuliza ni nani sasa atakayesukuma.